Nyumba ya Zamu: Shauri Tulilolikuta Kindu

Wasomaji wapenzi, safari hii twawachukua hadi Kindu, mji mkuu wa jimbo la Maniema, katika mashariki ya Congo. Tulikwenda kuutazama mji na mto wake. Walakini tulipokuwa huko tulikaribishwa katika nyumba moja ya ng'ambo, tukakuta wazazi wanahangaika juu ya jambo la fedha. Kwa kuwa jambo hilo laweza kuifikia nyumba yoyote yenye mtoto ughaibuni, tumeona yafaa tuwasimulie yote kwa taratibu.

MJI WA KUBADILISHA CHOMBO

Kindu imekaa kando ya mto Lualaba, ambao mbele, baada ya kuyapita maporomoko ya Kisangani, wajulikana na watu wote kwa jina la Congo. Maji hapa ni mapana na mazito, yanakwenda kaskazini bila haraka. Asubuhi ukungu hulala juu ya mto. Hukioni kivuko, wasikia tu kasia zikigonga ubao wa mtumbwi. Jua likipanda, ukungu huondoka, nawe waona kwamba mto umejaa watu: mama na vikapu vya samaki, wanafunzi na madaftari kichwani, wauzaji wa mchele na wa mafuta ya mawese. Mchele wa Maniema una sifa tangu zamani, kwani kilimo chake kililetwa na watu waliotoka pwani, wale wale walioleta lugha yetu ya Kiswahili katika nchi hii.

Mji huu ulikuzwa na reli. Mwaka 1902 kampuni ya Wabelgiji ilianzishwa ili kuunganisha mto na maziwa makuu, na mwenye kuitia nguvu kubwa alikuwa tajiri Édouard Empain. Kwa sababu hiyo, wakati wa ukoloni mji uliitwa Kindu-Port-Empain. Reli ya kutoka Kongolo hadi Kindu, kilomita 355, ilimalizika mwishoni mwa 1910. Mizigo iliyofika kwa gari la moshi ilishushwa Kindu, ikapakiwa katika meli, ikateremka mto kama kilomita 300 hadi Ubundu. Huko ilishushwa tena, ikapanda gari la moshi jingine kilomita 125 hadi Kisangani, maana katikati kuna maporomoko ambayo hakuna meli iwezayo kuyapita. Basi, Kindu ni mji wa kubadilisha chombo: anayefika kwa chuma huendelea kwa maji.

Leo gari la moshi halina siku ya hakika, na msafiri mwenye haraka huja kwa ndege. Lakini kituo kipo, reli ipo, na wazee wa mji bado wanayahesabu mambo ya ujana wao kwa safari za treni. Tangu 1988, Kivu ya zamani ilipogawanywa kuwa majimbo matatu, Kindu imekuwa na gavana wake na ofisi zake, na watu wameongezeka sana.

Mji una sehemu tatu: Kasuku na Mikelenge katika ukingo wa magharibi, na Alunguli katika ukingo wa mashariki. Kati yao hakuna daraja. Kila mtu wa Alunguli mwenye kazi au soko upande wa pili hana budi kuvuka, naye huvuka kwa mtumbwi. Hulipa nauli yake, hushuka, huenda zake. Tunawaomba wasomaji waikumbuke nauli hiyo ya mtumbwi, maana itatusaidia huko mbele.

BARUA KUTOKA ULAYA

Siku ya Ijumaa tulivuka kwenda Alunguli. Mwenyeji wetu ni mwalimu mstaafu, mtu wa maneno machache, aliyefundisha hesabu miaka mingi. Mkewe huuza samaki waliokaushwa. Tulipokwisha kula, mzee alileta simu yake, akasema:

“Wageni wetu, ninyi mnasoma magazeti. Tusaidieni kusoma maneno haya. Mimi nimefundisha hesabu, lakini hesabu hii imenishinda kwa sababu ni ya mtoto wangu.”

Binti yao wa kwanza ni muuguzi katika nchi ya Ubelgiji. Hufanya kazi za usiku, na kila mwezi hutuma nyumbani anachoweza. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, alipata wiki moja ya kupumzika, akaenda Uhispania kando ya bahari na watoto wake wawili. Alikodi nyumba ndogo kwa euro 850. Siku ya mwisho ya wiki ile alialikwa pamoja na wengine kula chakula cha bure na kusikiliza maelezo. Maelezo yalichukua saa tatu. Mwisho wa yote, siku ya Jumamosi, alitia sahihi.

Alichonunua si nyumba. Amenunua wiki moja ya nyumba, kila mwaka, kwa muda wa miaka 20. Bei ni euro 12,000: atoe 2,000 zake, na 10,000 akopeshwe kwa miaka 5, kwa riba ya 8 kwa 100 kila mwaka. Juu ya hayo atalipa ada ya utunzaji, euro 700 kila mwaka. Pale pale alitoa euro 500 za kwanza, akaambiwa ni za kufungua faili.

Aliporudi kazini moyo wake haukutulia. Akaandika: “Baba, Mama, fedha hizi zilikuwa za kujenga nyumba yetu ya Alunguli. Lakini wameniambia kwamba wiki hiyo ni mali yangu, nami nimechoka. Mnaonaje?”

Mama alikaa kimya mlangoni. Mzee alisema neno moja tu: “Sitaki kumfunga. Nataka ajue.”

ASILI YA JAMBO HILI

Namna hii ya kununua nyumba kwa zamu si mpya, wala si wizi kwa asili yake. Huko Uswisi, mwaka 1963, ilianzishwa jumuiya iitwayo Hapimag: watu wengi waliweka fedha pamoja, nyumba za mapumziko zikanunuliwa, kila mwanachama akapata haki ya kuzitumia kwa zamu. Katika miaka hiyo hiyo ya 1960 Wafaransa walifanya kama hivyo katika milima ya Alps, mahali paitwapo Superdévoluy, watu wapendao kuteleza juu ya theluji wakanunua majuma badala ya kukodi vyumba. Baadaye, mwaka 1974, kampuni iitwayo RCI ilianza nchini Marekani, ili mwenye wiki mahali pamoja apate kubadilishana na mwenye wiki mahali pengine, kwa kulipa ada.

Wazo lenyewe lina akili. Nyumba ya mapumziko hukaa tupu sehemu kubwa ya mwaka. Je, si afadhali watu hamsini washirikiane, kila mmoja achukue wiki yake? Sisi Waafrika hatuwezi kulicheka wazo hilo, kwani zamu ni desturi yetu. Mama wa nyumba ile mwenyewe yumo katika likelemba ya wauza samaki: wanawake kumi, kila Jumamosi kila mmoja hutoa kiasi kile kile, na mmoja wao huchukua chote. Zamu kumi zikiisha, hesabu imekwisha. Atakaye huanza tena. Asiyetaka hujitoa kwa heshima.

Tulimwuliza mama: “Mama, likelemba yenu na wiki ya binti yako vyafanana?”

Akafikiri, akajibu: “Vyafanana mwanzo. Katika likelemba nawajua wote tisa, najua siku itakayokwisha, na fedha nilizotoa zinanirudia zote. Yeye je?”

Wasomaji wapenzi, kwa maswali hayo ya mama tulianza kazi.

HESABU YA MZEE

Mzee alichukua daftari ya mjukuu wake, akapiga mstari katikati. Upande mmoja aliandika “Kununua zamu,” upande wa pili “Kukodi.”

Kununua: bei 12,000. Riba ya mkopo wa miaka mitano, zaidi kidogo ya 2,000. Ada ya 700 kwa miaka 20 ni 14,000. Jumla yapita 28,000. Gawanya kwa wiki 20: kila wiki ni euro 1,400.

Kukodi: wiki ile ile, nyumba ile ile, mwaka huu amelipa 850. Kwa miaka 20 ni 17,000.

Mtu atasema: kodi itapanda. Ni kweli, itapanda. Lakini ada ya utunzaji hupanda vilevile, nayo mwenye zamu hawezi kuikataa. Tulihesabu: ada ya 700 ikiongezeka kwa 4 kwa 100 kila mwaka, katika miaka 20 haitakuwa 14,000 tena, itapita 20,000. Anayekodi, kodi ikimshinda mwaka fulani, hutafuta nyumba ndogo zaidi, au hukaa nyumbani. Mwenye zamu hulipa hata akikaa nyumbani.

Hapo mzee aliweka kalamu chini, akauliza swali zito kuliko yote: “Na miaka ambayo hataweza kwenda?”

Muuguzi haruhusiwi kuchagua wiki yake kila mwaka. Watoto huugua. Kuna miaka ya msiba, ambapo fedha zote za safari huwa za tiketi ya kuja Congo. Tukisema katika miaka 20 atakosa 8 tu, wiki alizotumia ni 12, na kila moja imemgharimu zaidi ya euro 2,300, bila kuhesabu nauli ya ndege wala chakula.

Sasa ikumbukeni nauli ya mtumbwi. Fikirini mwenye mtumbwi wa Alunguli akiwaambia: “Msilipe kila siku. Nipeni leo fedha za miaka ishirini, nanyi mtavuka kila mwaka, Jumanne ya kwanza ya Agosti. Tena kila mwaka mtanipa kidogo cha kuziba nyufa za mtumbwi.” Nani atakubali, isipokuwa mtu aliye na hakika kwamba kila Jumanne ya kwanza ya Agosti atakuwa kando ya mto? Mtu wa namna hiyo yupo, nasi hatumkatazi. Anayekwenda mahali pamoja kila mwaka, wiki ile ile, mwenye fedha mkononi bila mkopo, aweza kupata faida na furaha. Lakini hata huyo asinunue katika chumba cha maelezo. Wako wengi wanaotaka kuziuza zamu zao, nao hukubali bei ndogo sana, wengine karibu na bure, ili waepukane na ada tu.

Na hapo pana siri ambayo muuzaji haisemi. Kitu ambacho mwenyewe hutaka kukitoa bure si akiba. Tulisema juu kwamba reli ya Kindu ilijengwa kwa fedha za wenye hisa. Wale walidhaminiwa na serikali ya wakati ule faida ya 4 kwa 100, na jasho lililoleta faida hiyo lilikuwa la babu zetu. Lakini angalau mwenye hisa ya reli alikuwa akipokea kila mwaka. Mwenye zamu ya nyumba kila mwaka hutoa. Basi, asidanganywe na neno “mali.” Amenunua mapumziko, nayo ni kitu chema, ila ayapime kama mapumziko, wala asiyapime kama shamba.

MLANGO WA KUTOKEA

Mama aliuliza: “Na akitaka kutoka?”

Hapo tuliweza kuwapa habari njema. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka sheria juu ya mikataba hii. Ya kwanza ni ya 1994. Ya sasa ni ya 2008, nayo yasema mambo manne ambayo kila ndugu yetu aliye Ulaya ayajue.

Kwanza, aliyetia sahihi ana siku 14 za kujiondoa, bila kutoa sababu yoyote na bila kulipa faini. Siku hizo huhesabiwa tangu siku ya sahihi, au tangu siku alipoupokea mkataba, kama ameupokea baadaye.

Pili, katika siku hizo 14 muuzaji hana ruhusa ya kupokea fedha yoyote, wala malipo ya kwanza, wala dhamana. Kwa hiyo zile euro 500 za “kufungua faili” hazikupaswa kuombwa. Hiyo peke yake ni alama ya kumfanya mtu asimame na kutazama.

Tatu, kujiondoa ni kwa maandishi. Kusema kwa simu hakutoshi. Pamoja na mkataba lazima mnunuzi apewe karatasi maalumu ya kujiondolea. Asipopewa karatasi hiyo, muda wake wa kujiondoa huongezwa mwaka mzima.

Nne, akijiondoa, na mkopo uliofungamana na ununuzi huo huvunjika pamoja nao, bila gharama.

Wazee walitazamana. Sahihi ilitiwa Jumamosi. Sisi tulikuwa Ijumaa. Siku sita zimekwenda, zimebaki nane.

Kwa wale ambao siku zimewapita, mlango ni mwembamba, ila si lazima uwe umefungwa. Huko Uhispania, kwa mfano, sheria ya 1998 iliweka kikomo cha miaka 50, na mwaka 2015 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba mikataba iliyofanywa chini ya sheria hiyo bila kikomo ni batili. Aliye katika shida hiyo amwone mwanasheria wa kweli, au ofisi ya kutetea wanunuzi katika nchi anamokaa. Lakini ajihadhari na mtu ampigiaye simu akisema, “Nimekupatia mnunuzi wa zamu yako, nitumie kwanza fedha za karatasi.” Huo ni mtego wa pili, uliotegwa kwa ajili ya waliokwisha kunaswa mara moja. Mwaka 2023 Wizara ya Fedha ya Marekani iliweka vikwazo juu ya watu na makampuni huko Mexico waliohusishwa na kundi la wahalifu la Jalisco, kwa sababu ya ulaghai wa namna hiyo hasa.

Nasi watu wa Congo tusijione wajinga peke yetu, wala werevu kuliko wengine. Wazee wa Kinshasa hawajaisahau Bindo, ambayo watu waliiwekea fedha wakiahidiwa faida ya ajabu, ikaanguka mwaka 1991, nyumba nyingi zikalia. Nyumba ya zamu si Bindo, maana chumba kipo na kitanda kipo. Lakini haraka ya chumba cha maelezo, maneno ya “leo tu, kesho bei itapanda,” hayo ni ndugu mmoja.

MASWALI YALE YALE KWA NYUMBA YETU

Tulidhani shauri limekwisha. Mzee alikuwa ameshika simu tayari kuandika. Ndipo mama akasema neno lililotushangaza sote.

“Ngoja kwanza, Baba. Tumeiuliza nyumba ya Wazungu maswali manne. Na nyumba yetu je, tumeiuliza?”

Ukimya ukaingia. Maana kweli, ni rahisi kumwambia mtoto: “Acha ile, leta fedha hapa.” Basi mzee, kwa kuwa ni mtu wa haki, alifungua ukurasa mpya.

Swali la kwanza: ni mali ya nani? Parseli ile waliinunua miaka zaidi ya ishirini iliyopita. Mzee alileta karatasi yake kutoka sandukuni: barua iliyotiwa sahihi na muuzaji, mashahidi wawili na mkubwa wa mtaa. Hakuna nyingine. Sasa, kwa sheria ya ardhi ya Congo, ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi yote ni ya Serikali, na mtu hupewa haki ya kuitumia. Raia wa Congo aweza kupewa haki ya kudumu, lakini haki hiyo huthibitishwa na cheti cha kuandikishwa kitolewacho na ofisi ya hati za ardhi. Barua ya mashahidi ni mwanzo wa njia, si mwisho wake. Tofali zikipangwa juu ya barua tu, aweza kuja mtu mwingine na cheti.

Swali la pili: kila mwaka yatataka nini? Mchwa hawana likizo. Mabati huota kutu, kuta za tofali mbichi huliwa na mvua, ua hutaka kufyekwa, na kodi ya nyumba hulipwa.

Swali la tatu: mlango wa kutokea u wapi? Mzee akifa, nyumba itakuwa ya nani? Ya binti aliyetoa fedha, au ya ndugu zake watano waliozaliwa humo? Hakuna aliyeandika neno.

Swali la nne: binti ataitumia mara ngapi? Katika miaka kumi na miwili amekuja mara tatu. Kutoka Brussels hadi Kinshasa ni ndege moja, kutoka Kinshasa hadi Kindu ni nyingine, kisha mtumbwi. Wiki moja ya likizo huisha njiani.

Mama alisema polepole: “Tusimwambie mtoto kwamba tunamjengea nyumba ya kupumzikia, kama ni nyumba yetu ya kukaa.”

Wasomaji wapenzi, tumesafiri sana, lakini maneno ya haki kama hayo hatuyasikii kila siku. Muuzaji wa Uhispania alikuwa ameyaita mapumziko kwa jina la mali. Wazazi nao, bila kutaka, walikuwa wakiiita haja yao kwa jina la mapumziko ya binti yao. Si dhambi wazazi kuhitaji nyumba, wala mtoto kuwasaidia. Lakini kila kitu kiitwe kwa jina lake, ndipo mtu aweze kuamua.

JIBU

Jioni ile mzee aliandika, nasi tukamsaidia kwa maneno ya sheria tu. Aliandika mambo matatu.

La kwanza: “Jiondoe kwa maandishi kabla ya Jumamosi ijayo. Tumia karatasi waliyokupa, itume kwa barua ya kuandikishwa, utunze risiti. Dai zile 500. Kama baadaye, ukiwa umetulia, utaona bado inafaa, wao hawatakosekana.”

La pili: “Usitume fedha za tofali sasa. Tuma kidogo cha kutafutia cheti cha parseli. Tena tutaandika pamoja na ndugu zako nyumba itakuwa ya nani. Bila karatasi hizo mbili, hata mimi baba yako nisipokee fedha yako.”

La tatu lilikuwa la mama, akamsomea mzee neno kwa neno: “Mwaka ujao kodi tena ile nyumba ya baharini, wewe na watoto. Umechoka. Kupumzika si kuiba.”

Tulibaki Kindu siku kadhaa, tukiutazama mji. Tulikwenda kituoni, tukasimama katika reli yenye majani. Tulikwenda sokoni kununua mchele. Jumatatu tulivuka tena kuaga. Binti alikuwa amejibu: karatasi imekwenda, risiti anayo, na zile 500 amezidai. Mwishoni aliuliza: “Mama, sema kweli. Nyumba hiyo ya Alunguli itakuwa yangu au yenu?”

Mama alimwambia mzee aandike hivi: “Ni yetu. Lakini kitanda chako kitakuwamo, nacho hakina zamu.”

Mzee alitusindikiza hadi kivukoni. Ukungu ulikuwa umekwisha ondoka, na ng'ambo ya pili Kasuku ilionekana wazi. Tulimlipa mwenye mtumbwi nauli yake. Tulipofika ukingoni tulishuka, wala hakutudai neno.